Meli ile ile, mkataba wa pili: pesa ya baharia inafikaje Nakuru bila kupotea njiani?

Kuna watalii ambao safari moja ya meli haiwatoshi. Wanalipia siku saba, na kabla hazijaisha wanalipia saba zingine kwenye meli ile ile, chumba kile kile. Siku ya meli kurudi bandarini, wageni wengine wanashuka na masanduku yao, wao wanabaki wameketi na chai mkononi. Lakini kwa vitabu vya meli hizo ni safari mbili tofauti. Bili ya safari ya kwanza inafungwa na kulipwa yote. Ile kadi ya mlango, ambayo pia ndiyo unatumia kununua vitu ndani ya meli, mara nyingi inabadilishwa. Na kwenye bandari kama Miami wanaweza kuambiwa washuke kidogo, wapite kwa maafisa wa uhamiaji, halafu warudi. Marekani kuna hata sheria ya mwaka wa 1886 ambayo hairuhusu meli ya nchi nyingine kuchukua abiria kwenye bandari moja ya Marekani na kumshusha kwenye bandari nyingine ya huko huko bila kupitia bandari ya mbali ya nchi ya nje. Kwa hivyo unaweza kupata safari mbili ambazo kila moja peke yake iko sawa, lakini ukiziunganisha unavunja sheria.

Sasa, wateja wetu wa Nakuru, Naivasha na Gilgil hawatuulizi sana kuhusu huyo mgeni. Wanatuuliza kuhusu yule anayemletea hiyo chai.

Maana huyo ndiye wa kwetu. Ni yule kijana aliyesomea mambo ya hoteli, akafanya kazi kidogo kwenye lodge moja ya Naivasha, halafu siku moja ukasikia ameenda meli. Mgeni akiunganisha safari mbili anajiona bingwa, lakini mhudumu mwenye mkataba wa miezi minane kwenye meli inayozunguka kila siku saba anaunganisha zaidi ya thelathini, na siku ya kubadilisha wageni ndiyo siku yake ngumu kuliko zote. Akimaliza anakuja nyumbani miezi miwili hivi, halafu anaitwa tena. Wengi wakipewa nafasi ya kuchagua, wanaomba kurudi meli ile ile kwa sababu wanajua mabosi, jikoni na njia zote za chini.

Huo mkataba wa pili ndio tunataka kuongea leo. Wa kwanza kila mtu yuko macho. Kwa wa pili, familia imezoea, baharia amezoea, na hapo ndipo pesa huanza kuvuja.

Miezi minane ya mshahara, miezi kumi ya kula

Tuanze na kitu ambacho watu hawapendi kuongelea. Kazi nyingi za hoteli kwenye meli za kitalii hulipa ukiwa melini pekee. Ukishuka kwenda likizo, mshahara unasimama. Kwa hivyo mtu wa meli hana mshahara wa miezi kumi na miwili. Ana mshahara wa mkataba, halafu shimo, halafu mkataba mwingine.

Chukulia binti wa Kiamunyi analipwa dola 800 kwa mwezi. Hiyo ni namba ya mfano tu, yako iweke hapo. Kwa miezi minane ni dola 6,400. Lakini nyumbani watu wanakula miezi kumi kabla mshahara mwingine haujaanza kuingia. Gawa 6,400 kwa kumi, unapata 640. Hiyo 640 ndiyo mshahara wake wa kweli. Ile 160 inayobaki kila mwezi si ya ziada, ni ya miezi miwili ambayo hatalipwa. Kwa bei ya shilingi 129 kwa dola, 640 ni 82,560, na 160 ni 20,640. Ukiweka 20,640 mara nane unapata 165,120, yaani miezi miwili kamili ya 82,560. Hesabu inafunga kabisa.

Shida ni kwamba nyumbani wanaona 800. Mwezi wa kwanza 800 ikifika, mwezi wa pili ikifika, maisha yanajipanga kwa 800. Halafu baharia anarudi na zawadi, wageni wanakuja, mbuzi anachinjwa, na wiki ya tatu anaanza kukopa kwenye simu akingoja tarehe ya kurudi melini. Mkopo wa simu wa kungojea mkataba ni ghali kuliko watu wanavyofikiria, kwa sababu tarehe ya meli inaweza kusongeshwa lakini tarehe ya mkopo haisongi.

Angalia pia kalenda. Mkataba ulioanza Machi unaisha karibu Novemba. Kwa hivyo ile miezi miwili mikavu inaangukia Desemba na Januari, ile Januari ambayo sote tunaiita Njaanuari, na karo ya muhula wa kwanza iko pale pale. Kama baharia ndiye analipa karo ya wadogo zake huko Njoro au Molo, hiyo karo iwekwe kando kuanzia Agosti. SHA nayo, kwa mtu asiye na mwajiri wa kumkata mshahara hapa Kenya, mchango wake ni wa mwaka mzima. Lipa katikati ya mkataba wakati pesa inaingia, usingoje kushuka.

Ile 160 isikae kwenye pochi ya simu ambayo pia unatumia kulipia unga, kwa sababu itaonekana na itaombwa. Tangu 2023 pochi kubwa za simu hapa Kenya zinakubali salio la hadi shilingi 500,000 na muamala mmoja wa hadi 250,000, kwa hivyo nafasi ipo. Lakini nafasi si nidhamu. Ipeleke sacco au mfuko wa uwekezaji kwa paybill yao, kwa jina la baharia mwenyewe, siku ile ile pesa imeingia.

Dola haikai mahali pamoja

Mnakumbuka mwanzo wa 2024? Dola moja ilifika karibu shilingi 160. Watu wa meli walikuwa wafalme. Dola 800 ilikuwa inakupa karibu 128,000. Kufikia mwisho wa Machi mwaka huo huo dola ilikuwa imeshuka hadi karibu 130, na 800 ile ile ikawa kama 104,000. Hiyo ni zaidi ya elfu ishirini imepotea kwa mwezi, na hakuna mtu ameibiwa wala kufutwa kazi. Kama ulikuwa umemwambia fundi aanze slab kule Pipeline kwa hesabu ya Januari, uliona moto.

Kwa hivyo ahadi za muda mrefu, kama ploti ya kulipa pole pole au mkopo wa sacco, zipange kwa bei ya chini kuliko ya leo. Dola ikipanda, shukuru. Ikishuka, hujaanguka nayo.

Na kuna bei mbili za dola. Kuna ile ya soko unayoona kwenye habari, na kuna ile ambayo kampuni ya kutuma pesa inakupa wewe. Tangazo linaweza kusema ada ni sifuri, na ni kweli hawakukati ada, lakini soko liko 129 na wao wanakupa 126. Shilingi tatu mara 800 ni 2,400. Hiyo ndiyo ada yao, imejificha tu. Njia rahisi ya kulinganisha ni kusahau maneno yote na kuuliza swali moja: nikitoa dola 800 kwangu, shilingi ngapi zinaingia kwa simu ya mama? Linganisha namba hiyo ya mwisho kwa njia mbili au tatu tofauti, kisha tuma. Kama njia uliyochagua ina ada moja kwa kila muamala, tuma mara moja kwa mwezi, si vipande vinne.

Watu wengi hawajui hili: Mkataba wa Kimataifa wa Kazi za Mabaharia wa 2006, ambao Kenya iliuridhia mwaka wa 2014, unagusa hata hapa. Unasema baharia alipwe angalau kila mwezi na apewe maelezo ya malipo yake ya mwezi. Unasema pia kuwe na njia ya kutuma sehemu ya mshahara moja kwa moja kwa familia. Huduma hiyo ikitozwa ada, ada iwe ya haki, na bei ya kubadilisha pesa isimuumize baharia. Kampuni nyingi za meli sasa huweka mshahara kwenye kadi maalum, na kutoka hapo mtu anatuma mwenyewe. Lakini ukiona makato ambayo huyaelewi, una haki ya kuuliza ofisi ya mishahara ya meli. Uliza kwa maandishi.

"Mum, hii ni laini yangu mpya"

Hapa ndipo tunaomba usome pole pole, na kama una mzazi nyumbani, msomee.

Mtu wa meli hapatikani kwa simu. Akiwa baharini laini yake ya Kenya haishiki, au anaizima kwa sababu mtandao wa meli ni ghali ajabu. Anafanya kazi saa nyingi. Mkataba huo huo unaruhusu hadi saa 14 kwa siku, bora zisizidi 72 kwa wiki. Na akipumzika huku kwetu inaweza kuwa usiku wa manane. Tapeli anaijua hali hiyo vizuri. Anajua kwamba mama akipiga simu kuhakikisha, haitaingia.

Ujumbe unakuja hivi: "Mum sasa, hii ni laini yangu mpya, ile ingine imepotea. Nimekwama bandarini, naomba utume 30,000 kwa hii namba ya rafiki yangu nitarudisha Ijumaa. Usiambie dad ataogopa." Kuna jina la meli na picha yake, na hata jina la utani la nyumbani. Vyote vilitoka Facebook, ambapo baharia mwenyewe aliviweka kwa furaha siku aliyopanda.

Dawa ni ya bure. Kabla hajaondoka, mkubaliane neno moja la siri. Lisiwe jina la mbwa wala tarehe ya kuzaliwa. Chagueni neno la kipuzi ambalo halijawahi kuandikwa mahali popote. Mtu yeyote akiomba pesa kwa namba mpya bila hilo neno, hapewi, hata akilia. Na mkubaliane kwamba mama kukataa kutuma si ukosefu wa upendo. Wazazi wetu wanatuma kwa sababu wanaogopa kuonekana wamemkataa mtoto akiwa mbali. Waondolee huo uoga mapema, mkiwa wote mmeketi hapo sebuleni.

Kitu kingine: kabla muamala haujakamilika, jina la anayepokea linaonekana. Lisome. Kama uliambiwa ni ofisi na jina ni la mtu binafsi, simama hapo.

Ajenti anayetaka "kukuhifadhia" meli yako

Utapeli wa pili unamlenga baharia mwenyewe, akiwa likizo, pesa ikiwa imeanza kupungua. Anapata simu au WhatsApp kutoka kwa mtu anayejua alikuwa meli gani. "Nafasi yako kwa meli ile ile iko, lakini kuna watu wengi. Tuma 45,000 tukushikie, ikiwemo tiketi ya kurudi." Mtu aliyebakisha wiki mbili za pesa anatuma haraka kuliko yule ambaye hajawahi kwenda.

Sheria iko wazi kuliko watu wanavyodhani. Chini ya ule mkataba wa mabaharia, hakuna ada ya kutafutiwa au kupewa kazi ya meli inayopaswa kulipwa na baharia. Unachoweza kulipia mwenyewe ni cheti cha afya kinachotakiwa na nchi yako, kitabu cha baharia, pasipoti na hati za kusafiri za aina hiyo. Viza imetengwa kabisa: gharama yake ni ya mwenye meli. Na tiketi ya kukurudisha nyumbani mkataba ukiisha ni ya mwenye meli pia, na haruhusiwi kukuomba uilipie mapema. Kwa hivyo mtu akikuambia "lipa tiketi ya kurudi kwanza", amekupa jibu mwenyewe.

Ajenti wa kweli wa kuajiri mabaharia hapa Kenya anapewa leseni na Mamlaka ya Bahari ya Kenya, KMA, ambayo makao yake makuu yako Mombasa. Kabla ya kutuma hata shilingi mia, uliza KMA kama kampuni hiyo ina leseni. Kupiga simu Mombasa ukiwa Nakuru ni dakika tano. Na usiwapigie kwa namba ambayo ajenti amekupa, tafuta mwenyewe. Ofisi iliyo ghorofani na bango zuri mjini si leseni.

Kozi za usalama ni jambo tofauti, hizo kweli watu hulipia. Mafunzo ya msingi ya kujiokoa majini, kuzima moto na huduma ya kwanza hufanyika kwenye vyuo vinavyotambuliwa, mfano Bandari Maritime Academy kule Mombasa. Lakini karo ya kozi inalipwa kwa chuo. Hailipwi kwa namba ya mtu anayesema yeye ndiye atakupelekea.

Na kama tayari umetuma? Usimpigie tapeli kumbembeleza, maana unampa muda wa kutoa. Wasiliana na kampuni yako ya pesa dakika hiyo hiyo, uombe muamala urudishwe. Pesa ikiwa bado kwa pochi yake inaweza kuzuiwa. Ikishatolewa kwa wakala, imebaki kesi ya polisi. Hifadhi ujumbe wa muamala na mazungumzo yote, nenda kituo cha karibu upewe namba ya OB. Usifute kitu kwa aibu. Tunaona watu wengi wakifuta mazungumzo kwa sababu wanaona haya, na ndiyo yalikuwa ushahidi.

Laini, PIN na pesa ya ploti

Laini ya simu isiyotumika kwa miezi kadhaa inaweza kufungwa, na baadaye namba ikapewa mtu mwingine. Kama hiyo ndiyo namba ya pochi yako, ya benki yako na ya sacco, umejiweka pabaya. Washa huduma ya kutumia laini nje ya nchi kabla ya kuondoka, lakini uzime data. Meli ikifika bandarini, iwashe laini dakika chache, itumie kidogo, upokee jumbe za benki, uzime tena. Ukiwa katikati ya bahari iache kwenye hali ya ndege, la sivyo bili itakushangaza. Miamala inayohitaji ujumbe wa kuthibitisha ipange siku za bandari.

Usimwachie ndugu laini yako na PIN "akusaidie kulipa vitu". Hata kama ni mtu mwema. Ikitokea shida, kwa kumbukumbu zote ni wewe ulifanya. Kama dada yako ndiye anasimamia mambo ya nyumbani, mtumie kwa pochi yake, kwa jina lake, na bajeti mliyokubaliana.

Na pesa ya kujenga je? Tumesikia visa vingi mno vya mtu kurudi baada ya mikataba miwili na kupata msingi na nyasi. Si lazima aliyesimamia awe mwizi. Mara nyingi pesa ilifika siku mtu amelazwa, au mtoto amefukuzwa shule kwa karo, ikatumika huko kwa nia nzuri na haikurudi. Pesa taslimu ikiwa kwa mkono wa mtu mwenye shida, itaenda kwenye shida. Mwombe ndugu akutumie bei na namba ya till ya hardware, ulipe mwenyewe kutoka pochi yako, yeye achukue saruji na akutumie picha ya risiti. Karo ilipwe kwa paybill ya shule na namba ya usajili ya mtoto. Kodi ya nyumba kwa mwenye nyumba. Kila muamala unabaki na rekodi, na pia unaokoa ada ya kutoa pesa kwa wakala. Ndugu naye anapumua, kwa sababu hakuna mtu atamuuliza zilienda wapi. Mpe kitu chake cha kila mwezi kwa kazi hiyo, na kijulikane ni chake.

Kabla ya kusaini mkataba wa pili, angalia tarehe mbili: cheti cha afya, ambacho kwa kawaida hakipiti miaka miwili, na pasipoti. Kuna mabaharia waliochelewa meli yao kwa sababu ya pasipoti iliyobakisha miezi michache, na wiki sita za kungoja mpya zikala ile akiba yote. Pasipoti inaombwa kupitia eCitizen, na Nakuru kuna ofisi ya uhamiaji, kwa hivyo si lazima upande gari hadi Nairobi kupigwa picha. Fanya hivyo wiki ya kwanza ya likizo, kabla mbuzi hajachinjwa.